Justus Muindi Nzioka na Mukau wa Mpakani

Leo Jumamosi, tarehe 26 Juni 2004, tuko hapa nyumbani kwake karibu na soko la Kithyoko kumsindikiza ndugu yetu Justus Muindi Nzioka, fundi wa mbao, mume wa Nduku, baba ya Titus na Ndunge. Maneno haya ni yangu mimi dada yake mkubwa, Munyiva. Mkono ni wa mjukuu wangu Winfred, kwa sababu mimi shule niliiona kwa dirisha. Nimemkataza asinirekebishe. Mtu akionja hapa akasikia chumvi, ajue chumvi ni yangu lakini nyama ni ya kweli.

Kabla sijaanza, liangalieni jeneza. Hizo mbao nyekundu ni za mti wa mukau. Mmeona zimeachana kidogo, hata mkono wa mtoto unaweza kupita. Wengine nimewasikia mkinong'ona pale kwa maji ya kunawa kwamba Titus ameharibu kazi ya mwisho ya baba yake. Titus hajaharibu. Ngojeni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1938, kitinda mimba wa mzee Nzioka Muli na mama yetu Ndanu. Hiyo tarehe ni ya kadi ya ubatizo. Ninachokumbuka mimi ni kwamba mama alishikwa na uchungu baba akiwa hayuko, amekwenda Nairobi kwa miguu na wanaume wenzake kudai ng'ombe waliochukuliwa na serikali ya mkoloni. Aliporudi, vumbi limempaka mpaka kope, alikuta mtoto wa kiume. Akasema, "Nilienda kutafuta ng'ombe, kumbe nyumbani kuna ndama." Kesho yake akachukua shoka kwenda kukata mukau wa mlango, maana nyumba yetu ilikuwa inafungwa na ngozi kuukuu.

Nilimfuata. Nilikuwa mdogo lakini macho nilikuwa nayo. Baba hakuanza kukata. Aliweka shoka chini, akaweka kiganja chake juu ya gome, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwagiza jirani chumvi: "Wewe ni mlango wa Muindi." Ndipo akaokota shoka.

Hivyo ndivyo mukau ulivyokatwa katika nyumba yetu tangu wazee ambao sikuwaona. Ni mbao ambazo mchwa hula kwa aibu. Zinamwacha mwenyewe kaburini na kuendelea kukaa. Kwa hiyo wazee walisema, kitu kitakachoishi kuliko mtu lazima kijulishwe ni mtu gani. Unautajia mti jina la mtu aliye hai, mtu atakayeutumia. Ukikata kimya, mti utajitafutia wake.

Kulikuwa na bwana mmoja upande wa Kithimani aliyekata kimya akatengeneza stuli. Alikaa juu yake kunywa chai ya saa nne. Mkewe alirudi kutoka kisimani akamkuta bado amekaa, kikombe mkononi, chai imepoa, na nzi ndio wanamalizia. Watu walisema ni moyo. Hata mimi nasema ni moyo. Lakini ile stuli hata kuku walikuwa wakiizunguka.

Sasa, mpakani, pale chini mnapoona kisiki, palikuwa na mukau mmoja mkubwa ambao baba hakuutajia mtu. Alipokuwa akifa mwaka 1959 alituita mimi na Muindi akasema, "Ule wa mpakani sijauambia kitu. Msiuguse mpaka uwe na mtu wake." Mimi nilisikia. Muindi pia alisikia, lakini alikuwa kijana, na kijana husikia kwa sikio moja, lile lingine analiwekea redio.

Marehemu alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, kuanzia 1947. Alijua kuandika na kupiga hesabu za futi na inchi. Siku moja mwalimu alimwuliza kwa nini hatulii kwenye benchi. Akajibu, "Mwalimu, hii benchi ni mbao ya baridi, inanilalamikia matakoni." Alichapwa, lakini mwisho wa mwaka benchi lilivunjika na wavulana wanne wakaanguka mbele ya mkaguzi. Mwalimu huyohuyo ndiye aliyemtafutia kazi ya kujifunza useremala mjini Machakos, kwa fundi mmoja Mhindi, mwaka 1954.

Alirudi nyumbani 1961 akiwa fundi kamili. Ukipita kutoka hapa mpaka mto Tana, milango mingi unayobisha ni ya mkono wake. Sifa yake ilikuwa kuunganisha. Akishabana mbao mbili, hata wembe haupiti katikati. Alikuwa akiwaita watu waje na wembe wao wajaribu. Hii sifa mwiweke akilini.

Tarehe 21 Desemba 1963 alifunga ndoa na Nduku wa Kangundo. Nduku hakuwa rahisi. Alikuwa amemkataa mara tatu sokoni, mbele ya watu, mara ya mwisho akiwa anatafuna muwa na hakuacha kutafuna. Muindi akarudi, akaenda kwa mukau mmoja huku juu, akaweka kiganja: "Wewe ni kitanda cha Nduku." Habari zikafika Kangundo kabla ya msumeno kupoa. Nduku akapanda basi akaja mwenyewe, amefunga kitambaa kama mtu anayekwenda kesi.

"Nani alikuambia unitaje kwa mti?"

"Ulikuwa umekataa kusikia. Nikamwambia mwenye kusikiliza."

"Na nikikataa sasa?"

"Basi kitanda ni chako, ukibebe urudi nacho Kangundo."

Akakiangalia kile kitanda, akakikalia kidogo, kujaribu tu. Amelala juu yake miaka arobaini. Walijaliwa watoto wawili, Titus ambaye ni fundi kama baba yake, na Ndunge aliyeolewa Kithimani.

Mwaka 1996 alifika hapa msichana wa chuo kutoka Nairobi, jina lake Emily, akitafuta mbegu za mukau. Hizo mbegu ni kaidi. Ukizizika hivihivi zinalala mpaka unasahau ulikozizika. Marehemu alimpeleka kwa zizi la mbuzi. Mbuzi hula matunda mchana, wakicheua wanatema mbegu ikiwa safi, na asubuhi unaokota. Emily alikuja na viatu vyeupe akaondoka na viatu vya rangi ya udongo wa Masinga, lakini gunia lilikuwa limejaa, na hakulalamika. Tulimpenda. Leo yuko hapa, ameketi na akina mama.

Siku hiyo, baada ya chai, alisimama chini ya ule mti wa mpakani akautazama mpaka juu.

"Mzee, unajua huu una jina la kisayansi? Melia volkensii."

"Hiyo ya mwisho ni nini?"

"Ni jina la mtu. Volkens. Mjerumani aliyekuwa akikusanya mimea huku Afrika Mashariki. Wenzake waliupa mti jina lake mwaka 1895."

"Yeye ndiye aliupanda?"

"Hapana."

"Aliukata?"

"Hapana, mzee. Alichukua matawi, akayakausha, yakapelekwa kwao."

"Na yuko wapi huyo bwana?"

"Amekufa zamani sana."

Marehemu alicheka akapiga goti. "Munyiva, umesikia? Baba alikuwa anatutisha bure. Huu mti uko na mtu, tena Mzungu!"

Msichana hakufanya kosa. Aliulizwa, akajibu alichofundishwa. Hata mimi nilifurahi kidogo kujua kwamba milango ya babu yetu ilitengenezwa kwa mti ambao ulikuwa bado unangoja kubatizwa. Lakini ile furaha ya ndugu yangu sikuipenda. Kuanzia hapo mgeni akiuliza ule mti mkubwa ni wa nani, alijibu, "Ni wa Mjerumani, alisahau kuuchukua." Nilimwambia, "Muindi, wazee walitaja mtu aliye hai. Wewe unataka kuupa mti maiti. Maiti atautumia kwa kazi gani?" Akaniambia, "Dada, kunywa chai."

Mwaka 2003 panya na wezi walimsumbua sana kwa mahindi. Mikau mingine yote shambani ilikuwa imekwisha kuwa milango ya watu. Akasema atajenga ghala la mbao ambalo wajukuu wa wajukuu watalikuta. Tarehe 2 Septemba, asubuhi, alikwenda mpakani na Titus na jirani yetu Musili, wamebeba ule msumeno wa watu wawili. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe. Aliweka kiganja kwenye gome kama baba. Kwa muda nilifikiri atasema vizuri. Kisha akanikonyeza.

"Wewe uko na mtu tayari. Wewe ni wa Volkensi. Mimi naazima tu."

Musili alicheka mpaka akaachilia msumeno. Titus alicheka kwa heshima. Mimi, ambaye mnanijua hucheka hata matangani, sikucheka.

Walifunga kamba wauvute mti uangukie kwa mto. Mti ukasimama huku umekatwa karibu wote, umetulia. Halafu ukaanguka upande wa nyumbani, kinyume cha kamba. Ncha yake ilifika mlango wa jikoni na matawi yakaingia ndani, kama mgeni anayechungulia kuona ni nani na nani wako. Loise, binti ya Titus, alikuwa pale jikoni akichambua maharagwe. Majani yalimfikia magotini, hayakumkwaruza.

Tukafungulia mbuzi waje wale. Mnajua mbuzi wa Ukambani na majani ya mukau. Walikuja mbio, wakanusa, wakasimama. Beberu mzee akarudi nyuma. Hakuna aliyekula. Mpaka majani yakakauka yakafagiliwa, hakuna aliyekula.

Ghala likajengwa. Sijawahi kuona kazi kama ile, na kama kweli ninasema uongo leo mnizike naye. Ukuta, sakafu, dari, kila ubao umembana mwenzake. Mlango aliutengeneza mdogo kwa ajili ya wezi, hata ni Loise tu aliyeweza kuingia bila kujikunja. Siku ya kumaliza, saa sita ya mchana, jua la kupasua kichwa, alimwingiza Titus ndani akafunga.

"Unaona mwanga?"

"Baba, sioni hata mkono wangu."

"Unasikia upepo?"

"Sisikii kitu. Fungua."

"Ngoja kidogo."

"Baba, fungua!"

Alifungua akicheka. Titus alitoka amelowa jasho, hakucheka safari hii. Nduku akasema kutoka jikoni, sufuria mkononi, "Baba Titus, hapa umejengea mahindi au umejengea maiti?" Yakapita.

Mwaka huu Februari mvua ilitunyeshea mahindi yakiwa shambani. Wengi hapa mlivuna hivyohivyo, maana ukiyaacha nje wezi wanayaanika kwa niaba yako. Marehemu alijaza ghala lake na kulifunga. Kila siku Loise aliingia kwa ule mlango mdogo kutoa ya kupika. Alianza kusema, "Babu, mle ndani kuna joto." Akaambiwa ni joto la chakula. Aprili kuku wakaanza kuanguka. Mei akafa mbwa. Kisha tukasikia redioni kwamba Makueni na Kitui watu wanakufa kwa mahindi, na tukasema, maskini, Makueni.

Wote tuliokula hapa tulitapika. Loise na babu yake ndio waliokuwa wabaya zaidi. Macho ya mtoto yaligeuka manjano kama tunda la mukau lililoiva, tumbo likavimba, akaacha kuongea. Alipelekwa hospitali. Baada ya siku kadhaa Titus alirudi peke yake kuchukua nguo, akasema daktari amewaambia wajiandae.

Hapo ndipo marehemu alipoinuka kitandani. Yeye mwenyewe alikuwa wa manjano mpaka kucha. Ilikuwa alasiri, jua bado liko juu, watu wote waliokuja kutupa pole walimwona. Alitembea akishika ukuta wa nyumba, kisha akashika hewa, mpaka ghalani. Mahindi tulikuwa tumeshayamwaga shimoni, ghala lilikuwa tupu. Aliweka kiganja chake juu ya mbao.

"Mwenye jina hakuja kukuchukua," alisema. "Na wewe umechoka kungoja, umeanza kushika watoto."

Nduku alijua. Alitupa mwiko. "Baba Titus, nyamaza! Usiseme!"

"Acha nimalize, mama."

"Nakuomba. Mimi ndiye nakuomba."

"Wewe ni sanduku la Justus Muindi mwana wa Nzioka," aliliambia ghala. "Umesikia. Achana na huyo mwingine."

Ninyi mliokuwepo, semeni kama nimeongeza. Mbao zote zililia kwa pamoja, juu mpaka chini, kama mtu anayejinyoosha baada ya kulala vibaya. Musili anasema ni jua, mbao hulia zikipoa. Jua lilikuwa palepale. Musili mwenyewe alikuwa ameshafika barabarani.

Jioni hiyo, huko hospitali, Loise aliomba uji. Akaumaliza, akaomba wa pili.

Marehemu alilazwa kesho yake katika hospitali mjini Machakos. Daktari alitueleza vizuri, tena kwa upole. Alisema ni sumu ya ukungu, mahindi yaliingia yakiwa mabichi na yakakosa hewa. Akauliza lile ghala lilijengwa na nani, limebanwa namna ile. Tukamwangalia aliyelala kitandani. Mimi sibishani na daktari. Ghala za wazee zilikuwa za fito, upepo unaingia na kutoka kama mkwe. Ndugu yangu aliuawa na kazi yake nzuri kuliko zote. Lakini daktari hakunieleza kwa nini mtoto aliyekula chungu kimoja naye amerudi anaruka kamba, na mzee aliyekuwa na nguvu za fahali hakurudi.

Titus alikaa naye siku za mwisho. Alimwambia, "Bomoa lile ghala unitengenezee. Usibane mbao sana. Acha nafasi, hewa ipite." Sasa mnajua kwa nini jeneza liko hivyo. Alifariki Ijumaa tarehe 18 Juni 2004, saa nane mchana, Nduku amemshika mguu.

Ameacha mjane, Nduku Muindi. Ameacha watoto Titus na Ndunge. Ameacha wajukuu, na wa kwanza kutajwa awe Loise, ambaye atatupa udongo wake wa kwanza leo na hakuna mtu amwambie kwa nini mpaka awe mkubwa. Ameniacha mimi dada yake, kati ya watoto wa Nzioka mimi ndiye nimebaki. Ameacha milango ambayo mtaifungua miaka mingi. Tunawashukuru majirani, kanisa, wauguzi, na Emily aliyetuletea miche miwili ya mukau. Itapandwa hapa kaburini. Nimemwomba aiite tu mikau, asiiongezee mtu.

Bado jambo moja, kisha wachungaji waendelee.

Mbao za ghala zilitosha jeneza, na ukabaki ubao mmoja mrefu. Jana asubuhi nilimkuta Titus ameshaupiga randa na kuuwekea miguu. Benchi.

Nilimwuliza, "Hili ni la nani?"

"La matanga, shangazi. Viti havitoshi."

"Nimekuuliza ni la nani."

"La kila mtu."

Alisema hivyo kwa sauti, mkono wake uko juu ya ubao. Mtoto wa fundi, mjukuu wa Nzioka, aliyekuwa amekesha siku nyingi na hakufikiri. Niliona rangi ikimtoka aliposikia alichosema. Alitaka kulichoma. Nikamwambia, mukau huu ukiuchoma utakuwa umeupa nani, moto au moshi? Na moshi unaingia kwa nyumba ya nani?

Ndiyo, ni lile la mbele, upande wa kushoto, mlipokaa wanane na mama mmoja amebeba mtoto. Usiruke, Musili. Kaa chini. Kaeni wote. Nilimtoa Titus pale, nikakalia hilo benchi peke yangu, nikaweka kiganja, nikaliambia: "Huyo kijana amechoka, usimsikilize. Wewe ni benchi la Munyiva binti ya Nzioka." Lilitoa sauti ndogo tu. Nafikiri lilikuwa linauliza lini. Nikajifanya sisikii.

Kwa hiyo ni langu. Leo nimewaazima. Mkimaliza kuzika, mlirudishe kibarazani kwangu, na asilikalie mtu mwingine mpaka mtakapolihitaji tena kwa kazi kama hii.

Muindi, mwana wa mama yetu, hewa inapita, tumekuachia nafasi. Pumzika huko, ndama wa baba. Mimi nakuja na kiti changu, lakini usinisogezee mahali mapema.